Pajama za Kutokea

Shen Meidi alikuwa na pajama kumi na nne, na hakuna hata moja aliyoilalia.

Kulala alilala na fulana kuukuu ya mumewe na suruali iliyotoboka magotini, kama mtu yeyote mwenye akili zake. Pajama zilikuwa za kutokea. Alivaa pajama kwenda sokoni, kwenda kununua maziwa ya soya ya asubuhi, kwenda kwa fundi wa saa, na kukaa kigodani mlangoni akimenya maharage huku akihukumu wapita njia. Katika Uchochoro wa Neema Tele, pale Shanghai, mwanamke aliyepita na pajama safi iliyopigwa pasi alikuwa amewaambia watu, bila kufungua mdomo, kwamba ana nguo za kubadilisha na kwamba mtaa wote huu ni sebule yake. Nani huvaa suti kwenda sebuleni kwake?

Lakini si pajama yoyote tu. Meidi alishona kola miaka thelathini na moja katika kiwanda cha pajama za kupelekwa ng'ambo. Kola tu, hakugusa mkono wala mguu. Wanaomkumbuka wanasema siku moja umeme ulikatika akaendelea kushona gizani, na taa ziliporudi kulikuwa na kola mia mbili mezani, zimenyooka hivi kwamba mkaguzi alitoa leso akalia. Kwa hiyo mwanamke huyu alikuwa na sheria zake, na alizishika kuliko wengine wanavyoshika dini.

Ya kwanza: shika kabla hujatazama. Macho ni mahawara, alisema, huenda na kila rangi inayowakonyeza. Vidole ndivyo mke wa ndoa. Ua la mfukoni lazima likutane na ua la kifuani, shina kwa shina, la sivyo mvaaji ataonekana amekatwa kwa panga akaungwa kwa gundi. Juu na chini viwe ndugu wa tumbo moja. Ukishavuka miaka hamsini, dubu na sungura waachie wajukuu. Mwenye shingo fupi kama yeye avae kola iliyo wazi, shingo ipate pa kupumulia. Maua makubwa kama sahani ni ya mwanamke asiyeogopa nyuki. Na miguuni ni viatu vya ngozi vya kisigino kifupi na soksi za nailoni, kwa sababu kandambili chini ya pajama si vazi, ni ugonjwa. Mstari wa pasi kwenye suruali yake ulikuwa mkali kiasi kwamba mumewe, Tang Fugen, aliwahi kuutumia kukatia tofu, ile jibini laini ya soya. Fugen mwenyewe hakuwahi kukanusha.

Wanawake wa uchochoro walimjia na nguo zao kama watu wanavyompelekea mganga maradhi. Naye hakujua kutia asali. Hapo ndipo lilipoanzia balaa lote.

Miaka kumi na miwili nyuma, Fei Cuilan, jirani wa mlango wa tatu, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya honi, mstaafu wa kiwanda cha tochi, aliingia katika jiko la pamoja amevaa gauni la mahameli ya kahawia la kwendea harusi. Jiko lile lilikuwa la familia tano, na majiko yote matano yalikuwa na mtu.

"Haya Mama Weiming, nione," Cuilan alimwambia Meidi kwa jina la mwanawe, akizunguka. "Sema ukweli tu."

Meidi alipangusa mikono, akashika kitambaa, akazunguka nyuma, akarudi mbele.

"Umefanana na sofa, Dada Fei," alisema. "Sofa nzuri, siyo ya bei rahisi. Lakini sofa."

Vyungu viliungua siku ile, maana hakuna aliyekumbuka kugeuza mboga kwa kicheko. Jina likaganda. Mzee mmoja aliyekuwa anatoka kupanda ngazi alimkuta Cuilan mlangoni, akapumua, akageuza makalio kabisa akitaka kuketi. Cuilan akacheka na wengine. Jino cheko, moyoni kisu. Akakiweka kisu kile mahali pasipo na unyevu, kisije kikashika kutu.

Miaka kumi na miwili si mchezo, lakini ilipita, na ukafika mwaka wa maonyesho makubwa, jiji likawa linangoja wageni wa dunia nzima. Amri ikatoka: pajama isivuke kizingiti. Wageni wasije wakadhani watu wa Shanghai wametoka vitandani. Kamati ya mtaa ikatafuta wa kujitolea kusimamia jambo hilo, na kabla mwenyekiti hajamaliza sentensi, Fei Cuilan alikuwa ameshavaa kitambaa chekundu mkononi na filimbi shingoni.

"Mama Weiming," alimwambia Meidi asubuhi ya kwanza, "rudi ndani ukavae nguo."

"Na hizi ni nini? Majani?"

"Hizo ni za kulalia."

"Sijawahi kuzilalia. Muulize mume wangu."

"Mimi sina haja ya kujua mume wako anaona nini usiku!" Cuilan alipiga filimbi, na Meidi akapita zake sokoni, kisigino ko-ko-ko.

Siku ya nne akanaswa. Alikuwa anatoka sokoni na mikunga hai, wale samaki warefu kama nyoka, kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ukapasuka mbele ya lango, na mkunga mmoja, mnene kama mkono wa mpiga mieleka, akaanza safari ya kwenda mtoni. Meidi akamkimbilia. Vibanio vya kukunjia nywele vilikuwa bado kichwani, mdomo wazi, kiatu kimoja kimebaki nyuma, pajama ya maua mekundu imepanda hadi kwenye mashavu ya miguu. Cuilan akapaza sauti, "Mwalimu Qiu! Piga!" Naye Mwalimu Qiu, mzee mstaafu wa jiografia aliyekabidhiwa kamera ya kamati, akapiga kabla hajafikiri.

Jumatatu picha ilikuwa langoni, ndani ya ubao wa matangazo wenye kioo na kufuli, imekuzwa ukubwa wa trei ya chai. Juu yake maandishi: WASIOSTAARABIKA WA MWEZI HUU. Walisema "wasio," lakini picha ilikuwa moja tu.

Kucheka kwa majirani Meidi angekustahimili. Yeye mwenyewe alikuwa amewacheka wote kwa zamu. Lililomkata maini ni Jumapili iliyokuwa inakuja. Jumapili ile Mama Jiang, mama wa mchumba wa mwanawe Weiming, angekuja kwa mara ya kwanza kula nao na kutazama nyumba anayomwozesha binti. Weiming alikuwa na miaka thelathini na minne, na uchumba huu ulikuwa wa nne. Mama Jiang alikuwa mke wa mwalimu mkuu, na habari zake zilimtangulia: wachumba wawili alikuwa ameshawarudisha, mmoja kwa sababu pazia la kwao lilikuwa limepinda, wa pili kwa sababu mama mtu alimimina chai kwa mkono wa kushoto huku anaongea. Na njia ya kuingia uchochoroni ilikuwa moja tu, kupitia lango, mbele ya ubao.

Meidi akameza mate machungu akaenda kwa Cuilan.

"Dada Fei, nakuomba. Picha itoke kwa siku moja tu. Jumapili. Jumatatu irudishe, hata uongeze nyingine."

Cuilan alikuwa anakula mbegu za alizeti, anatema maganda kiganjani. Ufunguo wa ubao ulikuwa umefungwa kwenye kamba ya filimbi, unalala kifuani.

"Picha inakaa mwezi mzima," alisema. "Sheria ni sheria."

"Ni mkwe wangu anakuja. Unajua Weiming ana miaka mingapi."

"Najua. Nilikuwepo alipozaliwa. Kaa kwanza unywe chai." Akatema ganda. "Ila ukikaa, angalia usinikalie mimi. Mimi ni sofa."

Meidi hakukaa. Alirudi kwake, akamkuta Fugen amefunga aproni anakaanga wali na mayai, kwa sababu nyumbani kwao, kama nyumba nyingi za pale, mwiko ulikuwa wa mume.

"Nitamla mbichi," Meidi alisema.

"Kula wali kwanza."

"Fugen, mimi sitanii. Nimeomba. Mimi, Shen Meidi, nimeomba! Tangu nizaliwe niliomba mara mbili tu, na mara ya kwanza nilikuwa natoka tumboni."

"Basi mtafute mwenyekiti."

"Mwenyekiti anamwogopa. Ile filimbi anaipiga hata akiwa chooni." Akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. "Hapana. Amenivua nguo hadharani, nami nitamvalisha. Nitamvalisha apendeze."

Chini kabisa ya sanduku, ndani ya karatasi laini, kulikuwa na kitu kilichotoka kiwandani mwaka kiwanda kilipofungwa. Wafanyakazi waligawiwa mali iliyokataliwa na wanunuzi, na Meidi alipata pajama ya oda ya nchi za mbali huko: satini nzito ya rangi ya bahari ya usiku, utepe mweupe umezungushwa kwenye kola, mfukoni na kwenye kingo za mikono. Ilikatwa kama koti la ofisi, yenye kola ya kupindua na vifungo vinne. Ilikuwa pana, ya wanawake wa huko. Meidi angeingia mara mbili. Hakuna aliyewahi kuvaa kitu kama kile uchochoroni, ambako pajama maana yake ilikuwa pamba na maua, au pamba na dubu. Fugen aliangalia pajama, akaangalia mkewe, akapunguza moto.

"Meidi. Hii ni dhambi."

"Dhambi ni pasi mbaya," alisema mkewe, na akatia maji kwenye pasi.

Rafiki yake Yao Lingdi alikuwa na meza ya nguo za mitumba na za mabaki ya viwanda kwenye mtaa wa nyuma ya soko. Meidi akampelekea pajama kesho yake asubuhi.

"Utamuuzia Cuilan," alisema. "Utamwambia ni suti."

"Mama Weiming, mimi nina moyo mdogo."

"Moyo mdogo, ulimi mrefu. Nakujua. Jumamosi anapokea wakaguzi wa wilaya na wageni, na hana cha kuvaa, anazunguka mitaani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Pesa utakayopata ni yako yote."

"Na akishika kitambaa?"

"Hatashika. Yule hununua kwa macho. Muonyeshe lebo yenye herufi za kizungu, halafu mwambie haimfai."

Lingdi alisimulia baadaye jinsi ilivyokwenda, na kila aliposimulia iliongezeka. Cuilan alisimama mezani, akaona utepe mweupe, akaona lebo.

"Hii nini?"

"Aa, hiyo iache, Dada Fei. Suti ya ng'ambo, si ya watu wa hapa."

"Watu wa hapa wana nini, mikia? Lete." Akaipandisha kifuani. "Mbona suruali ina lastiki kiunoni?"

Moyo wa Lingdi ulisimama, ukaenda kunywa maji, ukarudi. "Ndivyo wanavyovaa wake wa mabalozi," alisema. "Wanakaa kwenye ndege siku mbili. Unafikiri wangefunga zipu, wangefika hai?"

Cuilan alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyekwishasafiri sana na mabalozi. Akanunua.

Jumamosi kulikucha kweupe. Mianzi ya kuanikia nguo ilikuwa imevuliwa nguo zote kwa amri, uchochoro ukaonekana uchi kama mdomo wa kibogoyo. Meidi alichagua vazi lake kwa utulivu wa mchinjaji: suruali ya kijivu, sweta la kijivu, kola ya shati wazi. Sheria yake moja hakuwa amewahi kumwambia mtu: siku ya kulipiza, usivae rangi, ili macho yote yabaki kwa anayelipizwa.

Akashuka. Na hapo, ukweli lazima usemwe, alishikwa na kitu kama kichomi. Cuilan alisimama langoni ameng'aa kama gari la harusi. Satini ilimwangukia mabegani vizuri, utepe mweupe umemtengeneza uso, kitambaa chekundu kimekaa mkononi utadhani kilikatwa pamoja na ile nguo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Fei Cuilan alikuwa amependeza.

"Umevaa nguo leo, Mama Weiming!" Cuilan alimtupia. "Naona picha inafundisha."

"Inafundisha sana, Dada Fei."

Wageni wakaja, wakaguzi watatu na wazungu sita na mkalimani. Bibi mmoja wa kizungu, mwenye mvi kama pamba, alipofika mbele ya Cuilan alisimama. Akamtazama juu, akamtazama chini. Midomo ikamcheza. Akamnong'oneza mkalimani neno. Meidi alikuwa hatua mbili nyuma, pumzi ameishikilia, moyo unamwambia: sasa, sasa, sema bibi, sema kwa sauti!

Masikio ya mkalimani yalikuwa mekundu kama pilipili. Akakohoa.

"Mgeni anasema," alisema, "vazi lako ni zuri mno."

Cuilan akainama. Mkaguzi mkuu, mama mwenye miwani, akapiga makofi. "Huyu ndiye mfano! Mwalimu, mpige picha huyu dada, muiweke ubaoni. Watu waone ustaarabu ulivyo." Mwalimu Qiu akapiga picha mbili.

Meidi alihesabu milio yote miwili ya kamera. Mtego umefyatuka, umemnasa mtegaji. Kesho Mama Jiang angepita langoni akute picha mbili kwenye kioo kimoja: kulia Fei Cuilan anayeng'aa, kushoto mama mkwe wa bintiye anafukuza mkunga.

Ulimi ulimwasha. Lakini wazungu walikuwa bado wapo, na mtu hatoi takataka za nyumba yake mbele ya mgeni, hata kama takataka hizo ni adui yake. Hilo lilikuwa juu ya sheria zote. Akang'ata meno. Wageni walizunguka, wakaangalia jiko la pamoja, wakaonja keki za mchele, wakapiga picha paka. Nusu saa ile Meidi alizeeka miaka tisa. Wanasema unywele mmoja mweusi aliobaki nao siku ile ulichomoka wenyewe ukaondoka na wageni. Basi lao lilipokata kona, akapiga hatua mbele.

"Dada Fei, kabla hujaenda," alisema, sauti tamu kama uji wa maharage mekundu, "nimeona kitambaa cha suti yako. Niruhusu nishike."

Wanawake wote walikuwa bado wamejaa langoni. Cuilan akanyoosha mkono kama malkia. "Shika, jifunze."

Meidi akashika. "Mmh. Laini. Jamani, koti la kutokea huwa na nini ndani?"

"Bitana," alijibu mmoja.

"Bitana!" Meidi akapindua ukingo wa koti. Ndani hamkuwa na kitu, mshono mtupu. "Haya, labda ni joto huko kwao. Koti lina mifuko mingapi?"

"Miwili ya ubavuni."

"Hili lina mmoja, kifuani. Wa leso. Wa kupengea ukiamka. Suruali ya suti hufungwa na nini?"

"Zipu na kishikizo," walijibu sasa watatu kwa pamoja, na sauti zilianza kuwa na mawimbi.

"Dada Fei, wewe ya kwako inafungwa na nini?"

Cuilan alishika kiuno kwa mikono miwili. "Wake wa mabalozi..." alianza, akasikia mwenyewe jinsi linavyosikika, akavuta koti chini lifunike kiuno.

"Mimi sijui kusoma lugha za watu," Meidi alisema. "Mwalimu Qiu amesoma. Mwalimu, hebu isome lebo hapo shingoni."

Mwalimu Qiu alivaa miwani. Akavuta kola polepole, akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Imeandikwa," alisema, "fua kwa maji baridi."

"Na juu yake?"

"Usitumie dawa ya kung'arisha."

"Na juu yake, Mwalimu?"

Mzee akatazama mawinguni, kama aliyetumaini mvua. "Vazi la usingizi," alisema.

Kicheko kilichotoka hapo kilihamisha njiwa mapaa matatu. Mwanamke mmoja alikaa chini kwenye ndoo ya maji bila kujua. Mwingine alianza kumwimbia Cuilan wimbo wa kubembelezea watoto. Cuilan akageuka rangi zote, akaona kona ya jicho la Meidi, na akili ikamfika.

"Ni wewe! Wewe ndiye umenitega!"

"Mimi nilishona kola tu, mwaka wa mwisho wa kiwanda. Angalia mshono wake, ni mkono wangu. Sikukulazimisha kulala umesimama mbele ya wakaguzi."

"Nyoka wewe!"

"Mkunga," Meidi alisema. "Nyoka hawauzwi soko letu. Sasa Dada Fei, sheria ni sheria. Pajama imevuka kizingiti. Fungua ubao."

Cuilan akatoa ufunguo kifuani, akafungua kioo, akaibandua picha ya Meidi, akaikunja. "Haya! Chukua! Tumemalizana."

"Yangu ikitoka, yako inaingia."

Fugen alikuwa amefika na aproni yake, akamshika mkewe kiwiko. "Mama Weiming, umeshapata ulichotaka. Mwache."

"Niliomba siku moja," Meidi alisema bila kumtazama. "Siku moja tu, Fugen. Aliniambia nini? Mwalimu Qiu, kasafishe picha. Na iwe kubwa kama yangu."

Jioni picha ilikuwa ndani ya kioo, chini ya maandishi yaleyale. Cuilan hakutoka tena siku ile. Usiku Meidi alikula bakuli mbili za wali na akalala kama jiwe la mto.

Jumapili Mama Jiang alikuja, mwembamba, wima, sketi ya sufu nyeusi na mkoba unaolingana na viatu. Meidi alimpokea langoni. Mama Jiang alisimama mbele ya ubao. Akasimama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Akasoma, akasogea, akasoma tena, kisha akaingia.

Mezani alikula kidogo. Alitazama pazia, pazia limenyooka. Chai ikamiminwa kwa mkono wa kulia, kimya. Weiming na mchumba wake walikuwa wanapumua kwa zamu. Mwishowe Mama Jiang aliweka vijiti chini, sawasawa, ncha kwa ncha.

"Yule mwanamke wa langoni," alisema.

Meidi alimsogezea bakuli. "Jirani. Hatuzoeani sana. Mtu asiyejua mavazi."

"Ile nguo ameinunua wapi?"

"Nguo gani?"

"Ile aliyovaa." Mama Jiang akashusha sauti, akatazama mlango kana kwamba mumewe mwalimu mkuu amejificha nyuma yake. "Mimi miaka yote navaa sufu. Hata nyumbani. Mzee wangu anasema mke wa mwalimu lazima awe na mshipi. Lakini nimeiona ile picha nikasema, kumbe mtu anaweza kusimama hivyo, amepumzika, na bado akawa mtu. Nataka moja. Ni nani aliyemshonea?"

Hilo Meidi hakulipigia hesabu hata kidogo. Alikuwa amemtundika adui yake langoni ili achekwe, na huyu hapa anamtamani. Kwa muda, kijicho na ushindi vilivutana ndani yake kama paka wawili kwenye gunia moja. Angeweza kumtaja Lingdi. Angeweza kusema nguo ilitoka kiwandani, ilipita mikono kumi, yeye alifanya kola tu. Angeweza hata, kwa neno dogo, kumwachia Cuilan sifa ya kupendeza, maana alipendeza.

"Mimi," alisema Shen Meidi. "Nimeishona mimi. Kuanzia kola hadi pindo."

Fugen alikohoa kwenye supu.

"Utanishonea?"

"Mama Jiang, tukishakuwa ndugu, nisikushonee nimshonee nani?"

Mama Jiang alifikiri. Akamtazama binti yake, akamtazama Weiming, akavua mkoba begani. "Basi watoto wapange tarehe," alisema, akasimama katikati ya chumba, akainua mikono yake miwili apimwe.

Meidi alitoa utepe wa kupimia. Alipofika dirishani kutafuta mwanga aliangalia chini, akamwona Fei Cuilan, kwa mara ya kwanza tangu jana, anapita na ndoo yake, kichwa ameinamisha, amevaa koti zito la kahawia katika joto lile, amefunga vifungo hadi kidevuni. Mtu mwenye huruma angefunga dirisha.

Meidi alilisukuma likafunguka mabawa yote mawili.

"Kifua, Mama Jiang, inua kidogo!" alipaza sauti hadi mianzi ya majirani ikatikisika. "Satini ya bluu, utepe mweupe, sawasawa na ile ya Dada Fei! Ila hii ya kwako itakukaa!"